Kabla Hujanunua Printa ya Tangi, Hesabu Karatasi Zako

Chukua karatasi moja, ibandike ukutani karibu na mlango, na ufunge kalamu kwa uzi pembeni yake. Kwa mwezi mzima, kila mtu wa nyumbani anayekwenda steshenari kuprinti au kutoa kopi aandike akirudi: kurasa ngapi, nyeusi au za rangi, alilipa kiasi gani, na nauli ilikuwa shilingi ngapi. Mwezi ukiisha, ndipo uende dukani kuulizia printa. Najua ushauri huu haumfurahishi mtu ambaye pesa anazo mfukoni na mwanawe ana kazi ya kukabidhi Jumatatu asubuhi. Lakini nimeingia sebule nyingi nikakuta printa ya tangi imefunikwa kitambaa cha kufuma juu ya kabati, matangi yamejaa wino na kichwa kimekauka kitambo. Mwenyewe alipiga hesabu ya bei ya wino. Hesabu ya kurasa hakuipiga.

Kwa asiyeifahamu, hii ni printa ya wino ambayo badala ya kuvalishwa katriji ndogo za kutupwa, ina matangi manne yanayoonekana kwa nje: nyeusi, bluu, nyekundu-waridi na njano. Wino ukipungua unanunua chupa, unafungua kifuniko, unamimina. Mashine yenyewe inauzwa bei kubwa, wino wake bei ndogo. Printa ya katriji ni kinyume chake: mashine unaichukua kwa bei ya kutamanisha, kisha unailipia kidogo kidogo kila unapokwenda kununua katriji.

Wazo la tangi lilianza kwa watumiaji kabla ya viwanda. Huko Asia watu walichoshwa na bei ya katriji, mafundi wakazitoboa, wakaziunganisha kwa mipira myembamba na chupa za wino zilizosimama pembeni ya mashine. Vurugu ya mipira ile ilifanya kazi. Mwaka 2010 Epson ikaanza kuuza Indonesia printa yenye matangi yake kutoka kiwandani, na Canon, Brother na HP zikafuata baadaye. Hapa kwetu mafundi wamejaza katriji kwa sindano miaka mingi tu, kwa hiyo hakuna haja ya kukueleza kwa nini mtu angetamani tangi.

Sasa hesabu. Bei nitakazotumia ni za mfano, kwa shilingi za Tanzania. Futa zangu uweke ulizotajiwa wewe dukani. Idadi za kurasa ni za watengenezaji wenyewe.

Katriji nyeusi ya HP 123, ile inayoingia kwenye DeskJet ndogo kama 2130, imekadiriwa kutoa kurasa 120 hivi. Tuseme umeinunua 45,000. Kila ukurasa mweusi umekula wino wa shilingi 375. Upande wa pili, chupa nyeusi ya Epson 103, ya mililita 65, inayotumika kwenye mashine kama L3250, imekadiriwa kurasa 4,500. Tuseme nayo ni 35,000. Ukurasa mmoja unakuwa chini ya shilingi 8. Ikiwa printa ya katriji ni 180,000 na ya tangi ni 620,000, tofauti ya bei ya mashine inarudi baada ya kurasa kama 1,200. Kwa haki, ipo katriji kubwa ya 123XL inayokadiriwa kurasa 480, na ukiitumia hiyo pengo linapungua. Haliondoki.

Muuzaji akishakuonyesha hesabu hiyo hunyamaza akikutazama usoni. Naye hadanganyi. Tatizo ni kwamba anakulinganishia na kitu ambacho pengine hukukusudia kukinunua. Wengi wetu hatuna printa ya katriji nyumbani. Tuna steshenari ya pale kona, yenye kijana anayejua kufungua faili kwenye WhatsApp, na printa ya tangi inatakiwa ishindane na kijana huyo.

Tuseme yeye anakutoza shilingi 200 kwa ukurasa mweusi. Nyumbani, wino ni 8, na karatasi, ikiwa rimu ya karatasi 500 ni 12,000, ni shilingi 24. Jumla 32. Unaokoa 168 kila ukurasa. Gawanya 620,000 kwa 168: kurasa 3,690. Familia inayochapa kurasa 60 kwa mwezi itahitaji zaidi ya miaka mitano kurudisha pesa ya mashine. Mwalimu wa masomo ya ziada anayechapa kurasa 200 kwa mwezi atahitaji miezi 18 au 19. Mashine ni ileile na duka ni lilelile, ila kwa mmoja imekuwa mtaji na kwa mwingine imekuwa pambo.

Kisha rudi kwenye ile karatasi ya ukutani uangalie safu ya nauli, maana hapo ndipo hesabu hupinduka. Yule wa kurasa 60, kama kila safari ya steshenari inamgharimu bodaboda ya 2,000 kwenda na kurudi, na anakwenda mara sita kwa mwezi, basi anaongeza 12,000 juu ya bei ya kuprinti. Miaka mitano inashuka hadi miezi 28 hivi. Anayeishi Goba ndani ndani na anayeishi mita hamsini kutoka steshenari hawafanyi uamuzi mmoja, hata kama watoto wao wako darasa moja.

Rangi nayo ina hesabu yake. Kwa mashine ileile ya Epson, chupa tatu za rangi kwa pamoja zimekadiriwa kurasa 7,500. Nimesema kwa pamoja. Wauzaji wengine huisoma kana kwamba kila chupa ina 7,500 yake, na wateja wanaondoka wakiwa na furaha isiyo na msingi. Kwa bei zetu za mfano, wino wa ukurasa wa rangi, ukichanganya na mweusi wake, unafika shilingi 22. Na karatasi, 46. Ikiwa steshenari ukurasa wa rangi ni 500, mashine inarudisha pesa yake baada ya kurasa 1,370 hivi. Nyumba yenye mtoto wa chekechea, ambako kila wiki kuna tembo wa kuchapwa na matunda ya kukatwa kwa mkasi, itafika huko mapema kuliko nyumba ya watu wazima wanaochapa barua.

Usizichukue namba hizo kama kiapo. Kurasa hizo hukadiriwa kwa kufuata kurasa tano za majaribio za kipimo cha ISO/IEC 24712: zina maandishi, michoro, picha kidogo, na nafasi nyingi nyeupe. Ukurasa wako wa kadi ya mwaliko uliopakwa zambarau kutoka ukingo hadi ukingo hauko humo. Chupa za kwanza pia hutoa kurasa pungufu, kwa sababu sehemu ya wino inajaza mipira iliyo ndani ya mashine kabla hujachapa chochote. Na hata usipochapa rangi kabisa, rangi itapungua: mashine husafisha kichwa chake yenyewe, na inasafisha rangi zote. Ukishangaa njano imekwenda wapi, imekwenda huko.

Adui wa printa ya tangi

Sasa nifike kwenye jambo ambalo dukani huwa halitajwi. Printa hii haichoshwi na kazi nyingi. Inauawa na kukaa kimya. Wino ni majimaji, kichwa kina matundu membamba kuliko unywele, na hewa ya kwetu haina huruma. Kurasa zikipita mara kwa mara matundu yanabaki wazi. Mashine ikilala miezi miwili, ukiiamsha utapata maandishi yenye mistari myeupe kama jani la mgomba lililopigwa na upepo.

Yule wa kurasa 60 kwa mwezi mtazame tena. Chupa moja nyeusi ya kurasa 4,500 itamchukua miaka sita na zaidi. Maana yake ni kwamba ule wino wa bei rahisi aliosifiwa dukani karibu hataununua kamwe. Amelipia mapema wino wa miaka, naye atapambana kuuzuia usigande. Kama kurasa zake 60 zimesambaa, kumi na tano kila wiki, atasalimika. Kama zote huchapwa siku moja wakati wa kufungua shule na mashine ikalala hadi muhula mwingine, aende steshenari kwa amani.

Kwa hiyo ukiinunua, jiwekee desturi ya ukurasa mmoja wa rangi zote nne kila wiki, hata kama huna cha kuchapa. Chapa ule ukurasa wa kukagua matundu ambao mashine yenyewe inao. Unatumia wino kidogo mno. Na uizime kwa kitufe chake, si kwa kuchomoa waya wala kubonyeza swichi ya ukutani. Ukiizima kwa kitufe, kichwa kinarudi kwenye maegesho yake na kuzibwa kwa mpira laini. Ukiikatia umeme kikiwa katikati ya safari, kinabaki mdomo wazi. Luku ikiisha katikati ya kazi, basi umeme ukirudi iwashe, iache ijipange, ndipo uizime upya. Ni dakika mbili.

Mistari ikishatokea, wengi hubonyeza kusafisha kichwa, wakabonyeza tena, na tena, kwa hasira, hadi tangi linashuka. Usifanye hivyo. Kwa mashine kama ile L3250, maelekezo ya mtengenezaji ni kusafisha na kukagua hadi mara tatu. Ikishindikana unaizima na kuiacha angalau saa 12, kisha unarudia. Wino uliogandamana huanza kulainika wakati wewe umelala. Upo pia usafishaji mkubwa zaidi, na huo unadai kila tangi liwe na wino angalau theluthi moja, kwa sababu unakula wino kweli kweli.

Wino huo unaosafishia haupotei hewani. Unamiminika kwenye sponji iliyo ndani ya mashine, na mashine inahesabu kila tone kwa makadirio. Hesabu ikifika kikomo inagoma: taa zinamulika kwa zamu, kompyuta inakuambia kipande fulani kimefika mwisho wa maisha yake, na hapo hakuna kurasa tena hata ukiisihi. Watu wengi hudhani mashine imekufa. Haijafa. Inataka sponji nyingine na hesabu irudishwe sifuri. Kuna mafundi wanaorudisha hesabu kwa programu bila kugusa sponji, kazi ya dakika tano, pesa mkononi. Sponji iliyojaa ikifurika, wino unatokea chini ya mashine na kuingia kwenye meza yako, kwa hiyo mwambie fundi akuonyeshe sponji mpya kabla hujamlipa. Mashine nyingine, kama baadhi ya Canon za mfululizo wa G, zina kisanduku cha wino taka unachokichomoa na kukibadilisha mwenyewe. Kama huna fundi karibu, ningekuwa wewe ningeongeza hela kidogo kwa ajili ya kisanduku hicho tu.

Kichwa chenyewe pia uliza. Cha Epson kina vipande vinavyojikunja kwa umeme na kusukuma wino. Kinadumu, lakini kimefungwa ndani, na kikiharibika, bei yake pamoja na ya fundi inakaribia kukushawishi ununue mashine nyingine. Canon na HP hutumia joto: wino unachemshwa ghafla, povu linausukuma nje. Katika baadhi ya mashine zao za matangi kichwa ni kipande kinachochomoka, unaweza kununua kingine. Sisemi ipi ni bora. Nasema ujue utamwita nani siku kikiziba.

Unachapa nini hasa

Hili huwafanya watu wajute bila kujua kwa nini. Wino wa chupa za 103 ni wa rangi iliyoyeyuka, rangi zote nne. Kwenye karatasi ya picha unang'aa vizuri, na kwa anayetaka kupiga na kuchapa picha za pasipoti mtaani ni chaguo zuri. Lakini barua iliyochapwa kwa wino huo ikidondokewa na tone la mvua, maneno yanatambaa. Mashine nyingi za Canon za matangi, kama zile zinazotumia wino wa GI-490, zina nyeusi yenye chembe ambazo hukaa juu ya karatasi na kuvumilia maji zaidi. Ikiwa kazi yako ni mikataba, barua za maombi na vyeti vinavyopita mikono mingi, nyeusi ya chembe ina faida. Dukani omba wachape mstari mmoja, usubiri dakika chache, upitishe kidole kilicholowa. Muuzaji akikataa, duka ni jingine.

Na kama huchapi rangi kabisa, kwa nini unataka tangi? Hapo leza ndogo nyeusi ingekufaa. Tona ni unga, haukauki. Unaweza kuiacha leza miezi sita ukarudi ikachapa kama jana. Tona ya HP 85A inakadiriwa kurasa 1,600, na mafundi wa kuijaza wapo kila mji. Ubaya wake ni umeme. Leza hupasha moto silinda ya kugandishia unga na huvuta mamia ya wati inapofanya kazi, wakati printa ya wino inatosheka na wati kumi na kitu. Anayetegemea sola au betri yenye inveta ndogo, leza itamzimia taa. Kwake tangi linashinda hata kabla ya kugusa bei ya wino.

Ukiwa dukani

Hakikisha vitu vichache. Chupa za wino zilizomo ndani ya boksi ziwe hazijafunguliwa. Namba ya wino iliyoandikwa kwenye mashine iwe ndiyo inayouzwa mjini kwako: mashine zilizoingizwa kutoka sehemu nyingine za dunia huja na namba tofauti, mfano Epson wanatumia 103 kwa soko letu na 003 kwa sehemu za Asia, na hutaki kutafuta chupa Kariakoo nzima kwa jina ambalo hakuna anayelijua. Uliza pia kama inageuza karatasi yenyewe kuchapa pande mbili. L3250 haigeuzi, wewe ndiye utakayegeuza, na mara ya kwanza utachapa ukurasa wa pili kichwa chini, kama sisi wote.

Kwa ya mtumba, usinunue bila kuona ukurasa wa kukagua matundu ukichapwa mbele yako, rangi zote nne bila pengo. Baada ya hapo chapa kurasa tatu nne zenye picha kubwa. Kichwa kilichoanza kuziba hujificha kwenye ukurasa wa kwanza na kujionyesha kwenye wa tatu. Tazama na matangi yenyewe: wino ulioshuka chini ya mstari wa mwisho umeruhusu hewa kuingia kwenye mipira, na kuitoa hewa hiyo ni kazi.

Kuhusu wino wa chupa kubwa usio na jina la mtengenezaji, unaopimwa na kuuzwa rahisi: mwenye steshenari anautumia kwa sababu anachapa kutwa nzima na matundu yake hayapati nafasi ya kulala. Anafanya biashara, na kichwa kikifa ameshakilipia mara kumi. Wewe wa nyumbani, ambaye chupa halisi inakukalia mwaka au zaidi, unaokoa elfu ishirini kwa mwaka na kuhatarisha mashine ya laki sita. Mimi sipendi biashara hiyo. Usichanganye pia wino wa aina mbili kwenye tangi moja.

Nilipopata printa yangu ya kwanza ya tangi niliipeleka Dodoma kwa basi, na kondakta, kwa nia njema kabisa, akailaza ubavu chini ya begi la mtu ili isianguke. Aina yake sitaitaja, kosa halikuwa lake. Tulipofika Morogoro chini ya buti kulikuwa na bahari ndogo ya bluu, na begi la yule bwana lilikuwa na mashati meupe. Printa ya tangi ikishajazwa wino husafirishwa imesimama kama ilivyo mezani, vifuniko vimekazwa, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, na ikiwezekana mapajani kwako. Kwenye bodaboda usithubutu.

Ukifika nayo nyumbani, chagua saa ambayo umeme huwa hausumbui. Kujaza kwa mara ya kwanza, mashine itanguruma peke yake kwa dakika kama kumi ikivuta wino kwenye mipira, na haitakiwi kuzimwa kabla haijamaliza. Tandika magazeti ya zamani, ondoa zulia, na kila chupa iingie kwenye tangi la rangi yake. Nyingine zina midomo iliyochongwa ili zisikubali tangi lisilo lao, lakini si zote. Ikiwa nyumbani kuna mtoto wa miaka miwili, kazi hiyo ifanyike amelala.